Nilivyompeleka mama Roma kwa hela ya kujibana

Nianze na hela kwa sababu ndo swali la kwanza la kila anayesikia nilimpeleka mama Roma. Ukitokea Tanzania, sehemu kubwa ya gharama inaondoka kabla hujaiona Italia yenyewe: tiketi, viza, bima, nauli ya kwenda Dar na mama kutoa alama za vidole, kulala Dar, kutafsirisha vyeti. Ukishatua kule mambo yanabadilika, maana vitu tulivyovifuata sisi, makanisa, makaburi ya mitume, Baba Mtakatifu mwenyewe, havina kiingilio. Bajeti yangu niliijenga hivyo: nikaze huku nyumbani kwenye maandalizi, afu kule nilipie kwa moyo mmoja vitu viwili, kitanda kilicho karibu na mji, na mama asishinde njaa.

Tulienda Novemba 2024. Mama ni WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, wa miaka mingi, parokia yetu iko huku juu Kilimanjaro, na hamu ya Roma anayo tangu nikiwa mdogo. Kila mwaka kuna safari za hija zinatangazwa, nzuri sana na zina padri wa kuwaongoza, ila zile wanazunguka nchi kadhaa kwa mkupuo na bei ya mtu mmoja ingetosha kutupeleka sisi wawili. Sizisemi vibaya, kama mzazi wako anasafiri peke yake na hana mtoto wa kumshika mkono, alipe aende na kundi. Mimi nilikuwepo, nina simu, nina Kiingereza cha kutosha, nikasema hili tunaliweza.

Viza. Hii ndo sehemu iliyonikosesha usingizi kuliko yote. Italia iko Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, juu yake kuna hela ya huduma ya kituo kinachopokea maombi, na ukinyimwa hairudi. Wakati ule euro moja ilikuwa inacheza kwenye shilingi 2,800 na kitu, sasa piga mara mbili uone. Bima ya safari lazima, na lazima iwe inafika euro 30,000 za matibabu, na hapa usichukue ya ilimradi kama unasafiri na mtu mzima, soma inasemaje kuhusu presha na sukari, kuna zinazokataa ugonjwa uliokuwa nao kabla ya safari. Paspoti iwe na angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen na kurasa mbili tupu. Maombi unaruhusiwa kupeleka kuanzia miezi sita kabla ya safari mpaka siku 15 kabla, ila hizo siku 15 zisahau, kawaida jibu linatoka ndani ya siku 15 lakini wanaweza kuvuta mpaka 45.

Cha muhimu wanachokitaka ni kuona kwamba utarudi. Mimi nina duka, nikapeleka leseni, TIN, taarifa ya benki ya miezi sita. Mama ni mstaafu, hana mshahara wa kuonyesha, kwa hiyo nikamdhamini mimi, cheti changu cha kuzaliwa chenye jina lake kikaonyesha ni mama yangu, tukaweka na hati ya shamba na barua ya paroko. Kwenye foleni tulikaa na kijana mmoja ambaye wiki ile ile alikuwa ameingiziwa milioni kadhaa kwenye akaunti ambayo miezi yote ilikuwa haina kitu, wakamuuliza hela imetoka wapi na hakuwa na karatasi yoyote. Hela ya safari iwekwe taratibu, mwezi baada ya mwezi, ionekane ni yako na inaishi mle. Na tiketi ya ndege usilipe kabla ya viza, buking ya kushikilia nafasi inatosha kuombea. Sisi tulilipa siku viza ilipotoka, kupitia Addis Ababa, milioni mbili na laki kadhaa kila mtu.

Siku nafungua bahasha pale nje na kuona stika iko kwenye paspoti zote mbili nililia, mama akanishika bega akasema "basi mwanangu, tushukuru, twende tukale."

Kuhusu kulala. Ukitafuta kwenye intaneti utaona vyumba vya bei chee nje kabisa ya mji, na kwa macho inaonekana umepata. Tuna sista wa huku kwetu anasoma Roma, nikamuuliza, akaniambia kaka usimpeleke mama huko, basi la usiku likichelewa mtakaa kituoni na mvua, na Novemba Roma mvua ipo kweli. Akatutafutia nyumba ya wageni ya masista jirani na San Giovanni, yaani Basilika la Mtakatifu Yohane wa Laterano. Mashirika mengi ya kitawa kule yana nyumba za hivi, wenyewe wanaita casa per ferie, na siyo lazima uwe mkatoliki wala umjue mtu, unaandika imeili tu. Chumba cha vitanda viwili kilitutoka karibu euro 35 kwa kichwa na kifungua kinywa ndani yake. Kisafi, kimya, choo chetu wenyewe. Sharti ni geti linafungwa usiku, na ukiwa na mama wa miaka sitini na kitu hilo siyo tatizo. Kuna kodi ya mji ambayo haimo kwenye bei unayoiona, inalipwa kwa kila mtu kwa kila usiku, euro chache kwa sehemu za kawaida na inapanda mpaka 10 kwenye hoteli ya nyota tano, iweke kwenye hesabu mapema.

Siku ya kufika. Pale uhamiaji uwanja wa ndege wa Fiumicino waliniuliza tiketi ya kurudi, tunalala wapi, tuna kiasi gani. Nilikuwa nimechapisha kila kitu kwenye karatasi, sikutegemea simu. Nilimsogeza mama tukaenda dirishani pamoja, askari hakukataa, na nashauri mfanye hivyo hivyo kwa sababu mzee akiulizwa maswali kwa lugha asiyoijua anababaika bure.

Kutoka uwanjani kuna treni ya Leonardo Express ya euro 14, inaenda moja kwa moja Termini, stesheni kuu ya Roma, dakika 32. Ipo nyingine inaitwa FL1, euro 8, haifiki Termini, inapita Trastevere, Ostiense, Tuscolana mpaka Tiburtina. Watu wanaipita kwa kudhani Termini ndo katikati ya kila kitu. Sisi tulishuka Tuscolana, tukatembea kidogo mpaka metro ya Ponte Lungo, stesheni mbili tukawa San Giovanni. Kwa hiyo angalia kwanza unalala wapi ndo uchague treni. Tiketi ya karatasi ya treni hizi lazima uigonge kwenye kamashine kabla ya kupanda, usipogonga ni sawa na hujalipa na faini yake ni siku zenu kadhaa za chakula. Metro na mabasi ni euro 1.50, inakaa dakika 100, unabadilisha mabasi unavyotaka ila metro unaingia mara moja.

Ratiba sasa, ambayo kwa maoni yangu ndo inaokoa hela kuliko kitu kingine chochote. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi makumbusho na magofu ya serikali ya Italia ni bure, na Colosseum, ule uwanja wa kale wa michezo wa Warumi, imo. Siku nyingine ni euro 18 pamoja na magofu ya Forum na kilima cha Palatino. Tulipanga safari ili Jumapili ya kwanza ya Novemba itukute kule. Tukasali misa ya kwanza San Giovanni, tukashuka kwa miguu, mwendo wa kama dakika ishirini, tukapanga foleni ya tiketi ya bure pale pale. Foleni ilikuwa ndefu ila inatembea. Chukueni paspoti, wanaangalia majina. Mama alikuwa anaijua Colosseum kutokana na Njia ya Msalaba ya Ijumaa Kuu inayorushwa kwenye TV, akawa anautafuta msalaba, alipouona akasimama pale akasali rozari nzima na watu wanapita pembeni yake. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za makaisari Vespasian na Titus na mwaka 80 ilipofunguliwa, nikanyamaza.

Afu makanisa. Hapa ningekuwa na uwezo ningemwambia kila mtu anayeenda Roma na hela kidogo: usianze kununua tiketi za makumbusho kabla hujazunguka makanisa. San Pietro in Vincoli ina sanamu ya Musa aliyoichonga Michelangelo, bure. San Luigi dei Francesi ina picha tatu za Mtakatifu Mathayo alizochora Caravaggio, bure, ila kikanisa kiko gizani, kuna kasanduku unatumbukiza sarafu taa zinawaka, kaeni na sarafu. Kutoka hapo ni hatua chache mpaka Sant'Agostino, na pale ndipo mama alipokaa kuliko sehemu yoyote, kwa sababu amelala Mtakatifu Monica. Mama wa Augustino, mwanamke wa Afrika, wa Thagaste ambayo leo iko Algeria, alifia Ostia mwaka 387 akiwa njiani kurudi nyumbani na wanawe. Wamama wa kwetu wanamwomba Monica kila siku kwa ajili ya watoto wao walioharibikiwa na pombe, mama ana mdogo wangu wa kumwombea pia. Alikaa pale mpaka nikatoka nje, nikarudi, bado amekaa. Hakuna mtu aliyetuomba hata senti.

Basilika la Mtakatifu Petro nalo kuingia ni bure, unapita ukaguzi kama wa uwanja wa ndege, na mabega na magoti yafunikwe, kwa mama wa kitenge hilo halina shida. Nendeni asubuhi sana, saa 1 na kitu, mkichelewa foleni inauzunguka uwanja wote. Kupanda kuba ni kwa kulipia, ngazi ni 551 na hata ukichukua lifti bado zinabaki zaidi ya 300, nyembamba, mtu mwenye magoti mabovu asijaribu. Mimi nilienda peke yangu mama akibaki chini anasali.

Jumatano ni siku ya katekesi ya Papa pale uwanjani. Tiketi ni BURE, naandika kwa herufi kubwa kwa sababu kuna watu wanaziuza mtandaoni na pale nje barabarani. Zinaombwa ofisi ya nyumba ya kipapa au unazifuata jana yake kwa walinzi wa Uswisi pale mlango wa shaba, sista alituchukulia. Tulifika kabla ya saa 1 asubuhi, baridi kali, nilikuwa nimembebea mama chai ya tangawizi kwenye chupa, majani na tangawizi tulitoka navyo nyumbani maana chai ya kule ni maji ya moto na kamfuko. Mama amevaa kitenge cha WAWATA. Kumbe kitenge ndo kilikuwa kitambulisho, akaja sista mwingine kutoka nyuma huko anapiga kelele "Tumsifu Yesu Kristo!" mama akaitikia "Milele na milele, amina!" na ndani ya dakika chache tulikuwa Watanzania kikundi, wengine wa Songea, wengine wa Bukoba, shikamoo mama, marahaba wanangu, vigelegele.

Siri ya kumwona Papa kwa karibu ni kukaa kwenye kizuizi cha mbao pembeni ya njia linapopita gari lake, hata kama ni nyuma. Mbele katikati utaona mgongo wa kiti. Papa Fransisko alipita karibu yetu, amechoka lakini anapunga mkono. Mafundisho yanasomwa Kiitaliano na muhtasari kwa lugha kadhaa, Kiswahili hamna, lakini mwisho wanaimba Baba Yetu kwa Kilatini na maneno yapo nyuma ya tiketi. Baraka ya mwisho inahesabika pia kwa rozari mlizoshika na wagonjwa mliowaacha nyumbani, kwa hiyo rozari za zawadi nunueni KABLA ya Jumatano mje nazo mkononi.

Na zawadi ndo gharama ambayo sikuiona kwenye maelezo ya mtu yeyote. Ukienda Roma, jumuiya nzima inategemea rozari, kwaya inategemea, majirani wasio wakatoliki nao wanataka kitu. Maduka ya ile barabara kubwa inayoelekea kanisani bei zake ni za kitalii. Ingia mitaa ya nyuma uulize bei ya dazani, ni tofauti kabisa. Mama alikuja na orodha ya majina kwenye daftari, tukaweka kiasi cha euro pembeni tangu siku ya kwanza, na ilipoisha, ikaisha.

Makumbusho ya Vatikano ni bure Jumapili ya mwisho ya mwezi, ila wanafunga saa 8 mchana, mwisho wa kuingia saa 6 na nusu, na watu wanapanga foleni tangu alfajiri. Kama wewe ni kijana mwenye miguu, nenda. Mimi nililipa, euro 20 na 5 za kukata mtandaoni, mara mbili. Ndo kiingilio kikubwa kuliko vyote tulivyolipa na ningelipa tena. Kateni kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe, kuna zingine zinafanana nayo na zinaongeza mara mbili. Kwenye Kikanisa cha Sistina hakuna kupiga picha, kuna viti vya ukutani pembeni, mama alipata nafasi, akaangalia juu muda mrefu sana akaniuliza aliyechora alikuwa amelala chali? Nikamwambia Michelangelo alikuwa amesimama, shingo imekunjwa nyuma, miaka minne, 1508 mpaka 1512. Akasema "Mungu amlipe."

Chakula tulikuwa tunatumia kama euro 15 kila mtu kwa siku. Asubuhi masista wanatoa mkate, jamu, maziwa. Mchana pizza al taglio, ile ya kukatiwa na kupimwa kwenye mizani, unaonyesha kwa mkono kiasi unachotaka, na bei iliyoandikwa mara nyingi ni ya gramu 100, angalieni hapo. Chakula cha jioni tulinunua supamaketi au soko la Esquilino karibu na Piazza Vittorio, kule wapo wabangladeshi, wachina, waafrika, utakuta ndizi za kupika, bamia, mihogo, pilipili. Siku masista walipopika polenta mama alifurahi sana, maana ni unga wa mahindi, akala mpaka akaomba kuongezewa. Mgahawani ukikaa mezani angalia kwenye risiti wameandika pane (mkate) au servizio (huduma), mkate ulioletwa bila kuomba unalipiwa. Kahawa ya kusimama kaunta ni euro moja na senti kadhaa, ukikaa inaweza kuwa mara mbili au tatu, na ukinywa hiyo kahawa choo chao unatumia, vyoo vya Termini vinalipiwa. Maji msinunue kabisa. Mji una mabomba ya mtaani kama 2,500 wanayaita nasoni, yanatiririka masaa yote, maji masafi baridi, ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole yanarukia juu kwenye katundu unakunywa. Tulibeba chupa zetu.

Jihadhari na Ijumaa. Kule migomo ya usafiri inaitwa sciopero, inatangazwa mapema na mara nyingi huangukia Ijumaa, kwa kawaida mabasi na metro yanaachwa yatembee mpaka saa 2 na nusu asubuhi na tena kuanzia saa 11 jioni mpaka saa 2 usiku, katikati hapo hamna uhakika. Sista alitustua, siku hiyo tukabaki mtaani kwetu, San Giovanni, Scala Santa yaani Ngazi Takatifu, tukamalizia Santa Maria Maggiore kwa miguu. Siku ya ndege ikiangukia Ijumaa, cheki hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Wizi upo, hasa metro A kati ya Termini na Ottaviano, na basi namba 64 linaloenda Vatikano. Mama alifunga hela yake kwenye pindo la kanga akaivaa ndani ya sweta, paspoti ziko shingoni mwangu chini ya shati. Wapo pia vijana wenzetu waafrika wanaokuita "mama Afrika, hakuna matata" wakakufunga kikuku mkononi kama zawadi, kikishafungwa hela inadaiwa. Mama alitaka kuwapa mkono kwa heshima kama anavyosalimia mtu yeyote, na iliniuma kumwambia mama usiwape mkono, ni watoto wa watu wanahangaika. Mikono mfukoni, tabasamu, endeleeni kutembea.

Viatu: raba zilizozoea mguu. Mitaa imetandikwa vijiwe vyeusi vya mraba, vikilowa vinateleza, na begi la magurudumu linalia njia nzima. Mji ulikuwa umejaa majukwaa ya ukarabati kwa ajili ya Jubilei ya 2025, chemchemi ya Trevi tuliikuta imekaushwa, wameweka kabwawa kadogo mbele watu watupie sarafu, ambazo wanapewa Caritas, shirika la misaada la Kanisa. Mama alitupia.

Papa Fransisko alifariki Aprili 21, 2025, Jumatatu ya Pasaka. Mama alisikia Radio Maria akanipigia simu analia. Wanaokwenda sasa wanaulizia kaburi: haliko Mtakatifu Petro, liko Santa Maria Maggiore, upande wa kushoto ukiingia, jiwe limeandikwa FRANCISCUS tu. Kuingia ni bure, kutoka Termini ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Wapo wamama wanne wa jumuiya ya mama wanataka kwenda mwakani, wamenifuata niwasaidie. Nimewaambia waanze na paspoti mwezi huu, na akaunti benki yenye jina la kila mmoja, waweke hata elfu hamsini hamsini kila mwezi. Wawili wameshafungua.